Gari Likishinda, Linauzwa

Makofi yalitoka mlangoni.

Nyie mlioachwa wiki jana na roho mkononi, kaeni sawa, tunaendelea palepale. Kaisu Latvala alikuwa ameikanyaga injini ya baba yake mpaka mwisho, ikaanza kugonga ndani kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, akaizima haraka. Halafu ndo hayo makofi.

"Tamu," sauti ikasema. "Tamu sana. Ila inakufa."

Kaisu hakuhitaji kugeuka. Sauti ile anaijua tangu ana nywele za vifundo. Reijo Ylikoski! Mtu ambaye miaka ile alishirikiana na baba yake gereji hiihii, wakagombana, akaondoka na wateja wote, akajenga gereji yake kubwa kwenye barabara ya kwenda mjini Seinäjoki. Kaisu alishaapa kwamba huyo mtu hatakanyaga hapa tena akiwa na miguu miwili.

"Nani kakuruhusu uingie?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Wa kutokea ndo huohuo."

Reijo hakutoka. Kuna watu ukiwatukana wanakuuliza kama kahawa ipo.

"Kahawa ipo?" akauliza.

"Ipo," akajibu Mzee Armas, baba yake Kaisu, kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. Alikuwa na mrija wa hewa puani na mtungi wake kando, kama mtu aliyefungwa kamba asipotee.

"Baba!"

"Mmiminie, Kaisu. Kikombe hakijamkosea mtu."

Akammiminia. Alimmiminia kwa hasira hadi nusu ikaenda mezani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi ndo mbio za mwisho za mwaka huu kule Hirvikangas, na kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba kwa Mzee Armas hizo ni za mwisho kabisa. Mapafu yamechoka. Daktari alimwambia theluji ataiona ikianguka, ikiyeyuka, hakuahidi.

Na mzee hajawahi kuiona injini hii ikishinda. Hata mara moja! Aliichonga kichwa, kile kifuniko chake cha juu, kwa mkono, kwa tupa ndogo kama ya kucha, miaka na miaka ya baridi, akaikalisha ndani ya Toyota kuukuu yenye mlango mmoja wa kijani na mwingine wa kutu. Alichokuwa anakitaka duniani ni kuiona inavuka mstari mbele ya wenzake wote.

Kaisu naye alikuwa na lake. Alitaka ibaki. Baba akishaondoka, ibaki.

Sasa hayo mawili hayakai kwenye gari moja, na sababu ni hii. Mbio zetu hizi za jokkis ni za watu wote, si za matajiri. Ili tajiri asije na gari la dhahabu akatuonea, kila gari linalokimbia linauzwa. Bei ni moja kwa magari yote, bei ya chuma chakavu. Fainali ikiisha, yeyote mwenye leseni ya mbio anatumbukiza sandukuni karatasi ya kuomba gari analolitaka. Wakiwa wengi inapigwa bahati nasibu. Mwenye gari akisema siuzi, ananyang'anywa leseni hapohapo.

Kwa hiyo mtu mwenye akili haweki dhahabu kwenye chuma chakavu. Mzee Armas aliiweka.

Kaisu alikuwa anailindaje? Kwa kuendesha vibaya. Misimu yote hii anaendesha kama mtu kapakia mayai. Wa nne, wa tano, siku nyingine wa mwisho. Watu wanamcheka, sanduku linabaki tupu, gari linarudi nyumbani. Mzee anadhani tatizo ni mipangilio ya injini.

"Kabureta zako zinanyima mafuta huku juu, injini ikienda kasi," Reijo alisema. "Chini iko sawa. Ukiikanyaga sana inakauka, ndo maana inagonga. Barabarani hutaona kitu. Nipe asubuhi moja tu kwenye rola zangu. Naifunga, inakimbia palepale ilipo, naipima moshi na nguvu, nakurudishia. Sitaki hata senti."

"Bure yako naijua."

"Basi endelea kuigonga mpaka pistoni itoboke."

"Na wewe kwenye rola zako utaiona injini yote ilivyo. Nguvu yake yote."

Reijo akanywa kahawa. Akaweka kikombe, akamgusa mzee begani, akaondoka.

Hata tairi zake hazijaacha changarawe, Mirkku huyo akaingia. Mirkku anaendesha basi la shule, ni shoga yake Kaisu tangu utotoni, na habari zote za wilaya zinapita kwake kabla hazijawa habari.

"Yule mbwa mwitu alikuwa anataka nini?"

"Anataka kuseti kabureta."

"Anataka kukuseti wewe! Sikiliza, shoga. Kuna jamaa mjini Tampere anauza kisanduku cha kompyuta. Unakifunga, yeye anakutumia mipangilio kwa barua pepe, unapakia, umemaliza. Binamu yangu kafunga kwenye gari lake."

"Likawaje?"

"Lilienda vizuri sana."

"Saa hizi liko wapi?"

Mirkku akang'ata mkate wa mdalasini. "Liliungua. Lakini kabla ya hapo lilienda vizuri sana!"

Kaisu akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kicheko kikaisha upesi. Jamaa wa Tampere hajawahi kuiona injini hii. Ile mipangilio yake ni ya injini zilizotoka kiwandani zimefanana kama vifaranga. Hii imechongwa na mkono wa mtu mmoja. Hakuna ya pili yake.

"Iko njia nyingine," Mzee Armas akasema. Akagusa sikio lake. "Hii."

Jamani, wilaya nzima inalijua lile sikio! Enzi zake mzee alikuwa anasimama barabarani, gari linapita, anakwambia plagi ya ngapi imechoka. Mipangilio yote aliifanya hivyo: sikio kwanza, halafu unafungua plagi unatazama rangi. Ikiwa kahawia ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi, imeshiba mno. Ikiwa nyeupe, ina njaa na inajichoma.

"Kesho," mzee akasema. "Barabara ya mashambani. Hatumhitaji Reijo."

Kaisu alimbusu kichwani. Alilala akiwa na matumaini. Mwacheni alale, maana hakulala hivyo tena.

Jumatano wakaenda. Shayiri imeshavunwa, barabara imenyooka kama rula mpaka msituni. Kaisu akamfunga mzee mkanda, mtungi akaupakata, wakaondoka.

Gia ya pili. Ya tatu. Akakanyaga mpaka chini.

Ikaanza kugonga. Si kidogo! Kaisu aliisikia mpaka kwenye meno. Alimtazama baba yake akisubiri aseme zima, zima upesi, unaniulia mtoto. Mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Kaisu akazima mwenyewe. Gari likateleza hadi likasimama.

"Safi kabisa," mzee akasema. "Haijawahi kuimba hivi. Usiguse kitu."

Kaisu akashuka, akafungua boneti, akatoa plagi ya kwanza. Nyeupe kama mfupa. Ya pili nyeupe. Ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, na vitone hivyo, kwa asiyejua, ni pistoni inaanza kuyeyuka.

Sikio la baba limekufa.

Alisimama pale na plagi ya moto kwenye glavu, na upepo, na mzee anamwita kutoka ndani ya gari: "Rangi gani?"

Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na plagi nyingine kuukuu, ya kahawia nzuri. Akaitoa hiyo. Akampelekea.

Mzee aliigeuzageuza kwenye mwanga. "Umeona?" akasema. "Nilikwambia."

"Nimeona, baba."

Alhamisi asubuhi Mirkku alikaa na mzee wakicheza karata, na Kaisu akaiburura Toyota mpaka kwa Reijo.

Reijo hakuuliza swali hata moja. Akalifunga gari kwa mikanda, akatia mrija kwenye silensa, akavaa vizibo vya masikio, akaliwasha. Magurudumu yakazunguka juu ya rola, gari likanguruma lisiende popote. Akasoma. Akazima. Akafungua kabureta, akabadilisha jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, akawasha tena. Akazima. Ilikuwa hivyo tangu kahawa ya asubuhi hadi chakula cha mchana.

Mwisho akashika distributa, kile kikopo kinachoigawia kila plagi moto wake, akakizungusha upana wa ukucha. Akakanyaga.

Jamani! Mlio ule ulikuwa mwingine. Hakuna kugonga, hakuna kukohoa. Kaisu aliusikia mwilini kabla ya masikioni, na machozi yakamtoka bila kumuomba ruhusa.

Reijo akazima. Akachora alama ya rangi nyeupe kwenye distributa. "Isitoke hapa. Hata kidogo." Kisha akaitazama skrini yake, akatazama, akatazama.

"Nguvu ngapi?" Kaisu akauliza.

"Inatosha."

"Reijo, ngapi?"

Akaigeuza skrini ukutani. "Inatosha kunifanya Jumamosi nitie karatasi. Nakwambia sasa hivi machoni, usije ukasema nimekuibia."

"Kwa nini usiniharibie basi? Ungeniharibia tu, nisingejua!"

"Injini kama hii?" Reijo alimtazama kama kaambiwa ateme mate kanisani. "Siwezi."

Sasa nisaidieni hesabu. Akiacha kabureta kama zilivyokuwa, injini inaungua. Akifunga kisanduku cha Tampere, inaungua kwa mtindo wa kisasa. Akienda na sikio la mzee, mzee mwenyewe anaiua. Na sasa imesetiwa na rola, imepona kabisa, itashinda, na ikishinda inaondoka. Njia zote alizokuwa nazo zinatokea kwenye shimo lilelile. Alichobakiwa nacho ni kuchagua aingie kwa mlango upi.

Akachagua mlango wa nyuma.

Jumamosi, Hirvikangas. Matope, moshi wa soseji, watu wamevaa makoti ya mvua na wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Kaisu aliinama chini ya boneti, akalegeza skrubu, akaizungusha distributa mbali na alama nyeupe. Mbali kabisa. Sasa moto unafika umechelewa, gari ni kondoo. Injini haitaungua, gari halitaenda. Atakuwa wa mwisho, sanduku tupu, nyumbani.

Akafunga boneti. Mzee Armas alikuwa amesimama upande wa pili, kakumbatia mtungi wake.

"Fungua," akasema.

"Baba, kuna baridi, rudi kwenye gari la Mirkku."

"Fungua, Kaisu."

Akafungua. Mzee akaingiza mkono, akapapasa distributa kwa kidole gumba.

"Reijo kaweka alama hapa. Wewe umeirudisha huku."

Kaisu akaikodolea macho distributa. "Umejuaje kuhusu Reijo?"

"Sema nikiwa nakutazama mdomo, sisikii."

Kaisu akainua uso, akarudia swali.

"Masikio yalikufa tangu masika," mzee akasema. "Husikii ninavyopiga kelele nikiongea? Mimi ndiye niliyempigia simu Reijo aje. Simu yenyewe nilisema peke yangu kama redio, yeye akijibu sikumsikia. Nilijua kwake huendi kwa kuambiwa. Basi nikakwambia twende mashambani, nikasema safi kabisa, nikajua utatazama plagi na utaogopa."

"Ile plagi niliyokuonyesha..."

"Ilikuwa ya mwaka juzi, mjinga wewe. Sijui plagi zangu?"

Kaisu alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. "Nikishinda inachukuliwa, baba."

"Hata mimi nachukuliwa."

"Ndo maana nataka kitu kimoja kibaki!"

"Na mimi nataka kimoja kishinde." Akashusha pumzi, ikamchukua muda kuipata nyingine. "Unadhani sikujua unaendesha kama bibi harusi? Misimu yote nakutazama. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nina muda."

Haya. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kaisu alichukua spana. Akairudisha distributa mpaka alama nyeupe. Akaikaza. Hakumtazama baba yake usoni.

Bendera!

Mzunguko wa kwanza watu waliacha kutafuna. Toyota yenye mlango wa kijani, ile ya kuchekwa, ilitoka kwenye kona kama imetukanwa. Ikala gari moja. Ikala la pili kwenye mteremko. Mtangazaji akasahau jina la dereva, akabaki anasema namba tu. Hatua ya kwanza ikapita. Nusu fainali ikapita. Mirkku alikuwa anampiga ngumi mtu asiyemjua.

Fainali magari sita. Kaisu alitangulia tangu kona ya kwanza. Mzunguko wa mwisho gari jekundu lililozidiwa mzunguko mzima likawa mbele yake, akalipita kwa ndani, tairi la nyuma la lile jekundu likarusha jiwe. Pwaa! Usoni kabisa mwa Toyota. Hakuwa na muda wa kujali. Mstari ule pale.

Wa kwanza!

Akazima injini, akajichomoa kwenye mikanda, akakimbia mpaka uzioni.

"Umeona? Baba, umeona?"

"Nimeona!" Mzee alikuwa analia na kucheka. "Umepita kama samaki kwenye maji." Halafu akapunguza sauti, au alidhani kaipunguza. "Sikusikia kitu, Kaisu. Nilikaza sikio kila ulipopita. Hamna. Kimya kabisa."

Kaisu akamshika uso kwa mikono yenye grisi. Alikuwa ameitoa injini sadaka, akapata ushindi, na ushindi wenyewe mzee kauona kama picha ya ukutani.

"Gari la Latvala," kipaza sauti kikaita. "Karatasi ni tisa."

Tisa! Moja ya Reijo. Moja ya Mirkku, ambaye naye ana leseni ya mbio, aliyejitosa ili kumwongezea shoga yake bahati. Saba za wengine, wengi wao jana tu walikuwa wanamcheka. Mama mmoja msimamizi, wa fulana ya njano, akaingiza mkono sandukuni, akachanganya, akatoa.

"Börje Sundqvist, Närpiö."

Nani?

Akajitokeza mtu mrefu mwembamba, wa pwani, anaongea polepole kama kila neno analipima kwanza. Analima nyanya. Alimshika Kaisu mkono kwa mikono miwili.

"Bibie, sijawahi kuona kitu kama hiki. Ni mzee yule kaitengeneza? Mwambie nitaitunza. Nina nyumba ya nyanya yenye joto mwaka mzima. Italala humo na blanketi."

Aisee, heri angekuwa mshenzi! Mshenzi unamchukia, unapata pa kushika. Huyu alikuwa mtu mzuri. Injini ilikuwa inakwenda kwa mtu mzuri.

"Niisikie mara moja tu," Börje akasema, "halafu natia saini."

Kaisu akampa ufunguo. Akasogea mbele ya gari ampishe apite, na hapo ndipo aliposikia buti lake la kushoto linachapa. Akatazama chini. Alikuwa amesimama kwenye maji. Maji ya kijani, yanang'aa, yanachuruzika kutoka usoni mwa Toyota pale jiwe lilipopiga.

Rejeta imetoboka. Injini haina maji. Tone hata moja.

Neno ni moja tu: subiri. Subiri, haina maji. Anatoa ufunguo, wanaziba, wanajaza, injini inapona na inakwenda Närpiö kulala na nyanya. Kaisu alifungua mdomo.

Akaufunga.

Börje akawasha. Ilianza vizuri, ikanguruma kwa ule mlio wa Alhamisi, watu wakapiga miluzi. Börje akatabasamu, akakanyaga. Akakanyaga tena, zaidi. Kaisu alikuwa wa kwanza kusikia ukavu ndani yake. Wa pili alikuwa Reijo. Reijo alitoka mbio kwenye foleni ya soseji, mikono juu, anapiga kelele:

"Zima! Zima, we mtu! Zima!"

Kaisu hakusogea.

Mlio ukapanda, ukawa mwembamba, ukakatika. Krrk. Basi.

Börje akazungusha ufunguo. Klak. Akazungusha tena. Klak. Vyuma vimeshikana ndani, vimekuwa kitu kimoja.

Reijo akafika anahema. Akapiga goti, akatia kidole kwenye maji ya kijani, akainua macho taratibu: buti za Kaisu, ovaroli ya Kaisu, uso wa Kaisu.

"Ulikuwa umesimama juu yake," akasema. Kwa sauti ndogo, wengine wasisikie.

Kaisu akavuta buti zake akatoka majini.

Börje alishuka mweupe kama karatasi. "Mimi... samahani, bibie. Sijui nimefanya nini." Akautia ufunguo kiganjani mwa Kaisu, akavifunga vidole vyake kwa upole. Hakutia saini. Nani angemlaumu? Mama wa fulana ya njano akaita wa pili. Akatikisa kichwa. Akaita wa tatu, wa nne. Mmoja mmoja walichukua karatasi zao wakaenda kula. Mirkku alisema, "Mimi nilitaka kukusaidia tu, shoga," akageuka asionekane uso.

Wa mwisho akaitwa Reijo. Reijo aliiviringa karatasi yake ikawa kidonge, akaiacha ianguke matopeni.

"Nilitaka injini," akasema.

"Hakuna mnunuzi," mama wa fulana akatangaza. "Gari linabaki kwa mwenyewe."

Kaisu Latvala amepata alichotaka. Hakuna atakayeichukua tena maisha yake yote.

Na hapo ndipo alipomuona. Mzee Armas alikuwa anakuja peke yake kutoka uzioni, mtungi kwapani, anakanyaga matope bila kujali. Yeye hakusikia krrk wala klak. Alichokiona kwa mbali ni mnunuzi kaondoka, karatasi zimetupwa, na ufunguo uko mkononi mwa binti yake. Uso wake ulikuwa wa kijana.

"Imebaki!" akapiga kelele, uwanja mzima ukageuka. "Kaisu! Imeshinda na imebaki!"

Hakuna aliyethubutu kumtazama. Akafungua mlango wa kijani, akajikunja taratibu, akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akaweka mkono mmoja juu ya dashibodi, akautandaza vizuri vidole vyote vitano.

"Masikio basi, yamekwenda," akasema. "Ila mikono inasikia bado. Nikiiwasha nitaisikia humu."

Reijo akageukia msitu.

"Nipe ufunguo, binti yangu," mzee akasema, na kiganja chake kikatokeza dirishani, kimefunguka, kinasubiri.